Kuanzisha timu ya wanawake na watoto wa kike kijijini: maelezo ya mwalimu wa Pemba

Naandika haya kwa mwanamke mwenzangu mwenye mpira mmoja, watoto wa kike kumi na kitu wanaotaka kucheza, na kijiji kizima kinachomwangalia. Mimi ni mwalimu wa skuli kaskazini ya Pemba, upande wa Tumbe. Mpira wa pete nimeucheza tangu mdogo, na timu ninayoilea sasa ina watoto wa skuli, ina wasichana waliokwisha maliza, na ina kina mama wakulima wa mwani ambao baadhi yao wana wajukuu. Sitafundisha hapa namna ya kufunga magoli. Nitaeleza namna ya kuijenga timu ambayo mtoto wa kike atacheza kwa raha, mama yake atamngojea bila ya wasiwasi, na baba yake hatainamisha uso akipita mbele za watu.

Jambo moja litangulie. Anayeamua kama uwanja ni salama ni yule anayekuja kucheza, pamoja na waliomlea. Si mwalimu, si mradi, wala si afisa aliyetoka mjini na maboksi ya jezi. Wenye kulisema hili kwa nguvu zaidi ni wenyeji wa nchi za mbali. Huko New Zealand, mwishoni mwa miaka ya 1980, muuguzi wa Kimaori aitwaye Irihapeti Ramsden alishika msimamo kwamba mgonjwa ndiye wa kusema kama amehudumiwa kwa usalama na heshima ya kwao, si muuguzi aliyemhudumia. Wenyeji wa Australia na Kanada wameufuata msimamo huo, na siku hizi unasikika hata kwenye michezo ya wanawake na wasichana wao. Mimi niliposomeshwa hayo niliona sawasawa na ngoma zetu za ndani. Bibi zetu ndio waliojua nani aingie uani, nani asiingie, saa ngapi mlango ufungwe. Hapakuwa na mtu wa nje wa kuwapangia.

Anza majumbani

Wengi huanza kwa sheha, yaani kiongozi wa serikali wa mtaa, na tangazo. Sheha lazima umwendee, na umwendee mapema, kwa sababu akilisikia jambo hili kwa watu atavunjika moyo na haki yake. Lakini sheha hana mtoto wa kukutolea. Watoto wako majumbani.

Mama mwendee asubuhi, akiwa anasuka ukili au anaanika mwani. Kaa chini, mpokee kazi, na kama mama mkwe yupo msalimie yeye kwanza. Baba mwendee baada ya sala ya Isha, na usende peke yako. Fuatana na bi mkubwa mmoja anayeheshimiwa mtaani, ikiwezekana yule aliyekuwa somo, yaani mfunda, wa wasichana wengi. Fomu iache nyumbani. Ukimtolea mtu karatasi siku ya kwanza atadhani umekuja kumwandikisha mwanawe kwenye mradi. Fomu ya ridhaa ije baadaye, mzazi akishakubali kwa mdomo, na asiyejua kusoma asomewe yote kwa sauti, neno kwa neno.

Usiulize, "Mtamruhusu acheze?" Suali hilo lina majibu mawili tu, na la kukataa ndilo jepesi. Uliza, "Mngependa acheze vipi?" Hapo ndipo yanapotoka ya moyoni: nguo gani, saa ngapi, nani atakuwa anatazama, nani atamrudisha. Baba mmoja wa huku kwetu alikataa kabisa, na watu wakimwita mkali wa dini. Tulipokaa naye barazani alisema, "Mwalimu, mimi na mpira sina ugomvi. Ugomvi wangu ni njia." Njia ya kutoka uwanjani ilikuwa ikipita mbele ya maskani ya vijana, na watoto wa kike wakipita hapo hutupiwa maneno. Tukaihamisha, ikapita nyuma kwenye miembe, na watoto wakawa wanarudi kwa kundi. Wazee nao wakawaita wale vijana wakasema nao, kwa sababu haifai watoto wa kike wahame njia na wenye midomo michafu wabaki wamestarehe. Binti wa yule baba leo ndiye kepteni wetu. Na ile njia, kumbe, ilikuwa ikiwaudhi wote. Yeye ndiye aliyethubutu kuitaja.

Mwalimu wa chuo cha Kurani naye mwendee katika siku hizo za mwanzo. Usimwendee kuomba fatwa. Mwendee mkapange saa, kwa sababu watoto ni wale wale. Ustadhi wetu ndiye aliyewakumbusha wazazi kwamba Bi Aisha alishindana mbio na Mtume (S.A.W.), mara ya kwanza akamshinda, na baadaye Mtume akamshinda yeye. Neno hilo likitoka kwake lina uzito ambao mimi mwalimu wa skuli siwezi kuupata hata nikisema mwaka mzima.

Saa na kalenda

Hapa ndipo timu nyingi zinapokufa, na wenyewe husema watoto wa kike hawana hamu. Hamu wanayo. Ratiba ndiyo iliyopangwa na mtu asiyejua siku ya mtoto wa kike inavyokwenda.

Anaamka kabla ya Alfajiri, anateka maji, anakwenda skuli, anarudi, anapika au anamwangalia mdogo wake, anakwenda chuoni. Nafasi yake ya kweli ni baina ya Alasiri na Magharibi, na hata hiyo si yote. Sisi tunaanza saa kumi na nusu, watoto wakishasali, tunamaliza saa kumi na mbili kasorobo, ili kila mmoja awe ameshavuka kizingiti cha kwao kabla ya adhana. Dakika za kuzidisha hatuna. Mechi ikiwa haijesha, haijesha. Wazazi wamelipima hilo kwa muda mrefu kuliko walivyopima kitu kingine chochote kwetu.

Ipo sababu nyingine ya kumaliza mapema. Mama wengi hawataki mtoto wa kike awe nje Magharibi ikiingia, hasa karibu na mibuyu na magofu. Mgeni hucheka akisikia habari za mashetani. Wewe usicheke. Mtoto anayeogopa hachezi vizuri, na mama anayeogopa hamtoi mtoto tena. Chagua uwanja ulio mbali na pahala wanapopaogopa, maliza mapema, na jambo limekwisha bila ya mabishano.

Kwa kina mama, fuata bahari. Tangu mwani ulipoanza kulimwa kwa biashara huko pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989, na baadaye ukafika huku kwetu, siku za wanawake wa pwani zinakwenda kwa maji. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Siku hizo maji hutoka mbali asubuhi mpaka mchana, na kina mama huwa baharini wameinama, kisha jioni wanabeba na kuanika. Ukiwaita mazoezini siku ya bamvua utapata wawili, nao wamechoka mgongo. Waite maji yakiwa mafu, yaani hayatoki mbali. Mimi ninaandika ratiba ya kina mama kwa kuangalia mwezi angani kwanza, kalenda ya ukutani baadaye.

Halafu karafuu. Msimu ukija Pemba nzima huhamia mashambani mchana, na usiku watu hukaa wakichambua, watoto wa kike wakiwa wa mbele. Usishindane na karafuu. Hiyo ndiyo sare ya skuli na ndiyo nguo ya Sikukuu. Funga mazoezi, au bakisha siku moja tu ya wiki ya kukutana, kuruka kamba na kucheka. Ramadhani vivyo hivyo: tunakutana mara chache, tunanyoosha viungo, tunashona vifaa, tunapanga bonanza la Sikukuu. Siku za masika makubwa uwanja hujaa maji, basi tunaingia darasani kujifunza sheria za mchezo. Ijumaa hatuchezi.

Uwanja, na kwa nini mpira wa pete

Mpira wa pete unahitaji uwanja wa mita 30.5 kwa 15.25 tu. Ardhi hiyo utaipata hata nyuma ya skuli, na unaweza kuizungushia ua. Wachezaji ni saba kila upande, hawagongani miili kama kwenye mpira wa miguu, na mama mwenye miaka hamsini anaweza kusimama akacheza nafasi isiyo na mbio nyingi. Simpingi anayetaka mpira wa miguu. Wapo wanaouweza na ni haki yao. Lakini kwa kijiji kinachoanza, uwanja mdogo unaozungushika unakupunguzia nusu ya maneno.

Milingoti sisi tumetumia mivinje iliyonyooka. Pete iwe juu mita 3.05 kutoka chini, na upana wake wa ndani sentimita 38; fundi wa kuchomea vyuma anaipinda kwa kipande cha nondo. Nusu duara ya kufungia ni mita 4.9 kutoka katikati ya mstari wa goli. Mistari tunachora kwa chokaa, au majivu kama chokaa imekwisha. Kabla hamjapata pete, chezeni nage, ule mchezo wa kurushiana mpira. Mchezo huo kila mwanamke wa Zanzibar anaujua tangu utotoni, bibi na mjukuu wanakutana humo bila ya kufundishwa, na mzazi anayesitasita akiona nage anakumbuka alivyocheza yeye.

Ua tunasuka wa kumba za makuti. Kina mama wenyewe ndio waliosema wanautaka, na wao ndio walioukata na kuufunga. Sikuwapangia. Wapo wasichana wanaopenda kuonekana wakicheza, nao wana mechi zao za wazi siku za bonanza. Lakini siku za mazoezi, ule ua umewaleta wanawake wasiowahi kukimbia hadharani tangu walipoolewa. Mlango wake unakaliwa na bi mkubwa mmoja, na mwanamume haingii ila kwa kuitwa.

Choo na maji viwe karibu. Hili wanaume wanaopanga viwanja hulisahau kila mara. Kama hakuna choo uwanjani, zungumza na nyumba ya jirani yenye wanawake, kubalianeni kabisa, na mpelekee mwenye nyumba sabuni na ndoo kila mwezi. Mtoto wa kike asiyejua ataingia wapi akibanwa hatarudi mara ya pili, na hatakwambia sababu.

Nguo

Mwache kila mmoja avae anachoridhia yeye na kwao, ilimradi hakimuangushi. Hiyo ndiyo kanuni yote. Usimpe nafasi ya kucheza kwa sababu amejifunika, na usimpe kwa sababu amejifunua.

Ya kufanya ni haya. Ushungi uwe ule wa kuvaa kichwani mara moja, usio na pini. Pini ikichomoka shingoni inaumiza. Ncha zisining'inie, zitavutwa. Kitambaa kiwe chepesi chenye kunyonya jasho, kwa sababu watoto wetu wamewahi kupata kizunguzungu ndani ya ushungi wa naironi saa kumi za kaskazi. Suruali pana chini, fulana ndefu ya mikono mirefu inayofika mapajani, na raba. Asiye na raba acheze pekupeku pamoja na wengine wasio na raba, na uwanja ufagiliwe miba na vigae vya chupa kila mara. Ukishonesha kwa fundi wa hapo hapo kijijini, utapata nguo inayowastahi na pesa itabaki mtaani.

Akija mtu akakwambia ushungi hauruhusiwi kwenye michezo ya kweli, mjibu kwa utulivu. Wakuu wa sheria za mpira wa miguu duniani waliuruhusu mwaka 2014, na mpira wa kikapu ukafuata mwaka 2017. Katika mpira wa miguu masharti ni kwamba uwe mweusi au wa rangi kuu ya jezi, timu nzima rangi moja, usiungane na jezi, na usiwe na kitu cha kumdhuru aliyevaa au mwenzake.

Wageni wa mradi mmoja waliwahi kutuletea boksi la bukta na fulana za mikono mifupi, wakataka watoto wavae pale pale ili wapigwe picha. Watoto walikuwa wakinitazama mimi. Nilishukuru, nikalifunga boksi, nikasema tutazishonea mikono kwanza. Picha haikupigwa siku ile. Ukikabiliwa na jambo kama hilo, kumbuka kwamba mgeni ataondoka kwa boti ya kesho, na wewe utabaki na macho ya wale watoto.

Siku anapovunja ungo

Umri wa kuwapoteza ni huu, miaka kumi na mbili, kumi na tatu, kumi na nne. Mtoto alikuwa akija kila siku, ghafla haonekani. Ukiuliza, mama anasema, "Mwalimu, mwanangu keshakuwa mwari, hatoki tena." Usibishane naye. Msifu mtoto, mpe mama pole na hongera za malezi, halafu kaa.

Sisi tumefanya jambo ambalo nalipendekeza kwa kila timu: tuna somo. Ni bibi wa makamo, mwenye ulimi mtamu na siri nzito, ambaye tangu zamani ndiye anayewafunda wasichana wa hapa. Tulimwomba awe wa timu. Yeye ndiye anayemwendea mama, na yeye ndiye anayesema na mwari mwenyewe habari za mwili wake, usafi, heshima yake na namna ya kukataa anachokitaka mtu kwake. Mafunzo ambayo zamani yalitolewa ndani, sasa mengine yanatolewa chini ya mwembe ndani ya ua wetu, baada ya mazoezi. Mama akiona kwamba kuja uwanjani kunamuongezea mwanawe adabu, mlango unafunguka. Wengi wamerudi hivyo.

Weka mkoba wa vitu vya hedhi, aushike somo, usishikwe na mwanamume. Utiwe vitambaa safi au taulo, chupi za akiba, kanga moja nyeusi ya kujifunga, sabuni na dawa ya maumivu kwa ridhaa ya mzazi. Sare usichague nyeupe wala ya rangi ya maji ya bahari; chagua nyeusi au ya damu ya mzee. Na msichana akisema leo hakimbii, asiulizwe kwa nini mbele ya wenziwe. Ampe maji aliyechoka, ashike filimbi, ahesabu magoli. Anabaki ndani ya timu.

Heshima isigeuke muhali

Nataka hapa nisomwe kwa makini kuliko kwengine kote. Kufuata heshima ya pahala si kufanya muhali, yaani kuoneana haya mpaka kosa likanyamaziwa. Huku visiwani mtoto akidhalilishwa kijinsia, mara nyingi jambo humalizwa barazani. Huyu ni ami yake, yule ni jirani wa miaka mingi, tukienda polisi harusi ya fulani itakuwaje. Mtoto hunyamazishwa, mkosaji hupewa nasiha, na kesho yuko pale pale uwanjani. Watu huita hivyo kusitiriana. Mimi nasema huko ni kumsitiri mkosaji na kumwacha mtoto wazi. Mila iliyotufunda kusitiri haikukusudia hayo, na mzazi yeyote ukimuuliza kwa faragha anajua hivyo.

Kwa hiyo timu iwe na masharti yake tangu siku ya kwanza, na wazazi wote wayasikie. Mtu mzima hakai peke yake na mtoto pahala pa siri, awe mwanamume au mwanamke. Kocha mwanamume anaweza kufundisha, wapo wema na wajuzi, lakini pawepo mwanamke mzima pale pale muda wote, na kama mtoto anahitaji kuelekezwa kwa kushikwa mkono, ashikwe na mwanamke. Hakuna kocha wa kumwandikia mtoto mmoja mmoja ujumbe wa simu. Habari za timu zinakwenda kwa mzazi. Hakuna kumpakia mtoto wa kike kwenye bodaboda kumrudisha. Na hakuna kupelekwa watoto kwa mganga kabla ya mechi. Nalitaja hili kwa jina kwa sababu timu za wanaume zina hiyo inayoitwa kamati ya ufundi, na mtoto wa kike kuingizwa usiku kwenye chumba cha mtu kwa jina la ufundi ni hatari ambayo mzazi hapaswi kuikubali hata kwa kombe la nchi nzima.

Likitokea la kutokea, somo na mwalimu wasikae kulipima kama ni kweli. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Namba 6 ya mwaka 2011, inamlinda kila aliye chini ya miaka 18. Mpe taarifa mratibu wa wanawake na watoto wa shehia, nendeni Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, na mtoto apelekwe haraka hospitalini, kwenye kituo cha Mkono kwa Mkono kinachowahudumia waliodhalilishwa. Asiogeshwe kabla ya kuonwa na daktari, na nguo alizovaa zisifuliwe. Dawa za kumkinga na virusi vya Ukimwi zinafaa zikianzwa ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu zake, kwa hiyo usingoje asubuhi. Nambari 116 ni ya msaada kwa mtoto, inapigwa bure. Tumewakaririsha watoto wetu nambari hiyo pamoja na nyimbo za timu, mpaka wadogo wa darasa la pili wanaijua.

Mtuhumiwa akiwa ni mtu wa timu, atoke siku hiyo hiyo mpaka jambo liishe, hata akiwa ndiye aliyeinunua mipira yote. Ndugu zake watanuna. Wanune.

Picha, safari na pesa

Picha ya mtoto haipigwi bila ya ridhaa yake na ya mzazi, na ridhaa ya kupigwa si ridhaa ya kurushwa mitandaoni. Waambie hivyo na wageni, na vijana wenye simu nje ya ua. Kwa safari za mechi, mathalan uwanja wa Gombani, Chake Chake, kodi gari moja ya wote, wanawake wazima wawili wafuatane nao, wazazi wajue saa ya kuondoka na ya kurudi, na kama kurudi kabla ya Magharibi hakuwezekani, ombeni mechi ya asubuhi au msende. Wenye kupanga ratiba hukubali wakiambiwa mapema.

Pesa zetu zinatoka kwenye upatu. Kina mama wanacheza upatu wao, na kila anayepokea zamu anatoa kidogo cha timu. Mpira, nondo, chokaa, vitambaa, vyote vimetoka humo. Ukipata mfadhili mshukuru, lakini timu inayoweza kununua mpira wake ina sauti ya kusema hapana. Isajilini timu kwa afisa michezo wa wilaya na muungane na CHANEZA, chama cha mpira wa pete Zanzibar, ili wasichana wakikua wapate ligi, uamuzi na ukocha kwa vyeti.

Na bahari je?

Watu wananiuliza. Tunaishi kisiwani, wanawake wetu wanaingia baharini kila bamvua, na wengi hawajui kuogelea. Kila anayevuka kwenda Unguja anakumbuka MV Spice Islander iliyozama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, ikiwa njiani kuja Pemba. Huko Nungwi, kaskazini ya Unguja, mradi wa Panje umewafundisha watoto wa kike kuogelea wakiwa wamevaa nguo ndefu za kujisitiri, wakishikilia madumu matupu ya plastiki ili waelee. Kwetu tumeanza polepole kwa njia hiyo hiyo: wanawake peke yao, pwani iliyojificha, maji yakijaa taratibu na si yakitoka, na mama mmoja mjuzi wa bahari kwa watoto wachache. Kabla ya kupiga mikono, mfundishe mtoto kulala chali juu ya maji akapumua. Nguo isiwe baibui wala dera, zinafunga miguu. Suruali na fulana ndefu ya kubana kidogo inatosha.

Waulize tena, kisha uondoke

Kila msimu ukiisha, wakusanye wachezaji ndani ya ua, waachie somo na kepteni, wewe toka nje. Mazungumzo yawe yao. Suali ni moja: kipi kinawafanya wasitake kuja? Wadogo wasioweza kusema mbele za watu watie kokoto kwenye mikebe miwili, mmoja wa "napenda" na mmoja wa "sipendi", kwa kila jambo litakalotajwa: kocha, saa, nguo, njia, choo, nyimbo. Kisha kepteni anakuletea majibu, na wewe unatekeleza kinachowezekana ndani ya wiki ile, na kisichowezekana unawaeleza sababu yake.

Mara ya mwisho walileta mambo matatu. Hawataki siku ya mtihani wa chuo ichanganywe na mazoezi. Wanataka mwamuzi awe msichana wa timu, asiletwe kaka wa mtu. Na kina mama wanataka siku yao moja ya peke yao, bila ya watoto kuwatazama wakikosea. Siku ya kina mama imeshawekwa, maji mafu yajayo, na wasichana wawili wako kwenye mafunzo ya uamuzi.